Ndoto za Mzee Shekalaghe

Kwa sheria ya sasa, muuguzi akimzidishia mgonjwa dawa ya usingizi hufukuzwa kazi, kisha hukabidhiwa ndoto za mgonjwa huyo mpaka aamke, au afe. Hidaya alimzidishia Mzee Shekalaghe akiwa bado mgeni wodini. Tangu hapo, kila akilala kwa mama yake, anapalilia shamba la iliki asilolijua, umande ukimlowesha miguu. Mama hufua shuka zenye harufu ya iliki, wala haulizi.

Kila asubuhi Mwanaidi, binti wa mzee, huja kubisha hodi. Hajawahi kumlaumu Hidaya. Huketi mkekani, akapokea uji, akauliza, "Baba ameota nini, mdogo wangu?"

"Amekuota wewe, dada. Amekubeba mgongoni, unakula muwa."

Mwanaidi hucheka, kisha hujifuta macho kwa pindo la kanga.

Leo Hidaya ameamka na shuka kavu, zisizonuka kitu. Hakuota chochote. Amelala usingizi mtamu, kama wa zamani. Hospitali haijapiga simu.

"Hodi," sauti ikaita mlangoni.

Mama alikuwa ameshamimina uji.

"Karibu, dada," Hidaya akaitikia, huku akizinusa tena shuka.