Malkia Asiye na Nembo

Mwamuzi alimwinua malkia mezani, akamgeuza miguu juu, akachungulia kitako chake. Pale palipotakiwa kuwa na nembo ya kampuni inayouza vinyago palichorwa jina tu: Mwanakheri.

"Samahani, mzee wangu. Huyu ni feki. Haruhusiwi kwenye mashindano."

Kitwana alinyoosha mkono, akamchukua malkia wake. Malkia yule hakuzidi kidole gumba, na kwa miaka saba ndiye aliyeongoza jeshi lake la vinyago katika vita vya mezani. Alimchonga mwenyewe, kwa wembe na sindano, mwaka aliofiwa na mkewe Mwanakheri, na kovu alilomchonga kidevuni lilikuwa kama la marehemu. Mwaka jana wakubwa wa kampuni walikuja kumwomba awaazime malkia huyo kwa wiki moja, eti wamtazame vizuri. Wakamrudisha na asante nyingi.

"Feki ya nani?"

"Ya huyu hapa." Mwamuzi alipasua boksi jipya, akamwaga mezani malkia kumi wa plastiki, wote wana kovu kidevuni. "Chukua mmoja, mzee, ni zawadi ya kampuni. Usikose mechi bure."

Kitwana aliokota mmoja, akamgeuza. Nembo ilikuwepo, imegandamizwa juu ya jina. Lakini aliyelifuta jina lile alikuwa na haraka zake. Kitwana alipapasa kwa ukucha, akazikuta herufi tano za mwisho: kheri.

Ng'ambo ya meza mpinzani wake aligongagonga rula ya kupimia hatua za vinyago.

"Haya mzee, msogeze malkia wako."