Jina Zima

"Ngoja, mwanangu! Usibonyeze."

Nilikuja kliniki kumtoa marehemu dada yangu kwenye orodha ya dawa. Karani aliandika jina lake, jina fupi, na skrini ikajaa: lilikuwa linameta ndani ya majina marefu ya watu saba walio hai, langu likiwamo. Angebonyeza, tungefutwa sote.

"Mama, mashine haikosei."

"Haikosei? Mwaka juzi ilimfuta fundi cherehani hivihivi. Mkamwambia amekufa, naye amesimama hapo ulipo mlango, anakohoa! Sijasahau. Iambie itafute jina zima, si kipande."

"Haya mambo umejifunzia wapi?"

"Kwenye hasira."

Alicheka, akaongeza herufi moja kwenye amri yake, ile inayoiambia mashine itafute jina zima tu.

Majina yetu yakazimika kama taa za mtaa kunapokucha. Likabaki la dada, peke yake katikati ya weusi ule mpana wa skrini, limetulia kama mtu anayeelea chali juu ya maji.

"Sasa ni huyu tu, mama. Nifute?"

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Lisome kwanza," nikamwambia. "Kwa sauti."