Matawi ya Maandamano

Lori la polisi liliposimama kwenye kona, Chepkurui, mwenyekiti wa wanafunzi, aliinua kipaza sauti alichoazima kanisani.

"Makomredi, vunjeni matawi! Waone tumekuja kwa amani!"

Hosteli zilikuwa zimekaa wiki mbili bila maji, na leo alikuwa ameapa hakuna kurudi nyuma. Lakini kando ya barabara ile hakukuwa na mti mwingine ila chai.

Akashika tawi. Mkono ukakataa. Vidole vikapanda vyenyewe hadi juu, vikachuna majani mawili na chipukizi, kama mama yake alivyovifunza kabla hajajua kusoma.

Akageuka. Makomredi wote, hata yule aliyekuja na mawe, walikuwa wamezama kwenye chai hadi kiunoni, wakichuna.

"Huyo wa koti nyekundu anachuna majani ngumu," alisema nyanya mwenye shamba, kikapu mgongoni. "Mwambie aache."

"Pole, kogo," Chepkurui akajibu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Tulitaka kuvunja matawi. Tumeshindwa."

Nyanya alivitazama vidole vya Chepkurui. Kisha akageuka kuwakabili polisi, kikapu cha mgongoni kikabaki mbele ya Chepkurui.

"Wekeni hapa kwanza," akasema. "Hao nitaongea nao mimi."