Korongo na Shukrani za Fuko

Korongo alitoka ng'ambo kuja kufanya utafiti wa shukrani pamoja na Nguchiro, mwenyeji wake. Waligawa viazi, wakasikiliza kila mnyama atasemaje. Kima alisema asante mara saba. Fuko alichukua chake, akazama shimoni kimya.

Kesho yake asubuhi, huku akila minyoo minono aliyoikuta mlangoni, Korongo aliandika: "Fuko hana shukrani."

Nguchiro akaangua kicheko. "Na hiyo minyoo, bwana, unadhani kakuletea nani?"

Korongo akapaliwa. "Fuko? Mbona jana hakusema neno?"

"Kwao ukisema asante, maana yake mmemalizana."

Kwa aibu Korongo akafuta alichoandika. Akatafuta kiazi kikubwa, akakiweka penye shimo la Fuko, akaondoka bila kusema kitu.