Bolti za Chumba cha Raya

Katika mji ule unaoning'inia juu ya mawingu, binti akiolewa huondoka na chumba chake. Bolti hufunguliwa, chumba kikaelea kama tiara hadi ukweni, kikafungwa huko. Kuta zao ni za nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, nyepesi kama khanga iliyokauka.

Asubuhi moja Bi Mashavu alikiona chumba cha binti yake kinarudi polepole, Raya mwenyewe dirishani.

"Hodi, mama. Yamenishinda."

"Karibu, mwanangu. Kwenu ni kwenu."

Matundu ya bolti kwenye ukuta wa mama yalikuwa bado ya mviringo. Ya chumba cha Raya yalikuwa yametanuka kama mayai, tabaka zikibanduka kama maganda ya kitunguu.

"Ukweni walikaza mno, mama."

Matundu mapya hayatobolewi, ukuta uliochoka hauongezewi tundu. Bi Mashavu akapachika bolti, akazungusha spana kidogo. Nyuzi zikalia ndani kwa ndani. Akaacha, bolti zikiwa bado zimelegea.

"Zimeshika?"

Chini yao mawingu yalipita, meupe, bila haraka.

"Zimeshika, mwanangu. Lala."

Raya akalala. Mama yake akabaki amekishikilia chumba kwa mikono miwili.