Maji ya Mtaroni

Scholastika aliutema uji chini, mbele ya jirani yake Dina, kabla haujafika kooni.

"Umeupika kwa maji gani?" aliuliza.

Dina hakuficha. Aliyakinga mtaroni, nyuma ya kioski cha maji, kwenye bomba linalomwaga uchafu wa mashine. "Ndiyo maji yangu siku hizi," alisema. "Hata nguruwe wangu hawataki mengine."

Scholastika alimwaga uji wote, akalisugua bakuli kwa majivu mara mbili, na bado aliona kinyaa kulishika. Siku mbili alikuwa amelala hoi kwa kuhara, halafu jirani anamletea uji wa maji ya nguruwe. Hakumshukuru. Alimwambia asirudi tena kwake na chombo chochote.

Scholastika ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa mashine hiyo, kijijini kwao nje kidogo ya Ikungi. Kisima chao kirefu kilitoa maji ya chumvi, na mashine iliyasukuma kwa nguvu kwenye chujio: maji safi yaende kwenye tanki la kioski, chumvi na uchafu vitokee mtaroni. Mafunzo yake ya siku tatu yalihusu presha kuliko kitu kingine. Mshale wa geji ukae kwenye kijani. Ukishuka, maji hayachujiki. Ukiingia kwenye nyekundu, chujio linapasuka.

Miezi ya kwanza maji yalikuwa matamu. Kisha tanki likahamishiwa kwenye mnara mpya, mabomba yakaunganishwa upya, na haukupita muda watu wakaanza kunung'unika. Chai ilikuwa chungu kama dawa. Sabuni iligoma kutoa povu. Sufuria ziliota ukoko mweupe usiotoka hata kwa mchanga. Mzee Laurenti, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisema mashine imechoka, aongeze presha kidogo.

Akaongeza. Maji yakazidi uchungu. Akaongeza tena, mshale ukafika ukingoni mwa kijani. Bomba la kioski likawa linatoa kidogo kidogo, la mtaroni likafurika. Alijipa moyo kwamba sasa uchafu unatoka sawasawa. Aliyanywa maji ya kioski mbele ya watu ili wasikate tamaa, huku tumbo likimsokota. Na kila alipopita nyuma alimkuta Dina ameinama na ndoo yake mdomoni mwa bomba, nguruwe wakimsukuma miguuni kwa pua zenye tope. Mate yalimjaa kinywani, akageuza uso. Kanisani alihama benchi walilozoea kukaa pamoja.

Fundi Paskali alifika Jumatatu asubuhi kutoka Singida mjini. Alimwamkia Scholastika shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye geji. Mzee Laurenti na akina mama wenye ndoo walisimama wakimtazama. Scholastika alimweleza yote, hakuficha jinsi alivyokuwa akipandisha presha, akangoja kuambiwa kwamba amepasua chujio la kijiji kizima.

"Presha iko salama, mama," Paskali alisema baada ya kukagua. "Na chujio ni zima. Hujaharibu kitu."

Kisha akachovya kipimo cha chumvi kwenye ndoo ya maji ya kioski. Akakisoma, akakifuta kwa shati, akachovya tena. Aliuliza kama kuna watoto wanaoyanywa. Wote, akina mama walijibu.

Aliyafuata mabomba kwa mkono, moja baada ya jingine, kutoka kwenye mashine hadi mnarani, na kutoka kwenye mashine hadi nyuma. Huko aliwafukuza nguruwe, akapiga goti kwenye tope, akachukua kikombe.

Scholastika alisikia maji yakimiminika kikombeni, akafumba macho. Alipofumbua, Paskali alikuwa ameshakunywa kikombe kizima, amekinga kingine na anampa yeye.

"Onja, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Haya ndiyo yaliyochujwa. Nyinyi mmekuwa mkinywa uchafu wake."