Sarafu za Geofrey

"Ya Botswana huna?" Leonard aliuliza kwa mara ya pili, kana kwamba jibu lingebadilika.

Mwanaheri, muuza vikorokoro vya zamani sokoni Morogoro, akapindua kopo lake la sarafu juu ya turubai. Zikaanguka hela za shaba za Mjerumani, senti za Mwingereza zenye tundu katikati, na noti ya Zimbabwe iliyojaa sufuri kama mayai ya chura. Za Botswana hazikuwamo.

"Zimechukuliwa zote juzi, mzee wangu. Siku hizi watu wanazitoboa wanatengeneza hereni. Mie nauza, siulizi."

Leonard alishika kiuno. Alikuwa ameteremka kutoka mlimani na magoti yake mabovu kwa ajili ya sarafu isiyonunua hata kiberiti, na sasa anaondoka mikono mitupu.

Mwanawe Geofrey alikuwa amekwenda kutafuta maisha Sauzi, akidandia malori ya mizigo. Kabla mwaka haujaisha, kijana mmoja alimpigia Leonard simu kutoka Zambia: lori limepinduka, Geofrey wamemzika hukohuko. Simu ikakatika, na namba ile haikupatikana tena. Leonard alikuwa peke yake kwenye matuta ya karoti. Alilia mpaka akachoka, akanawa uso mferejini, akaenda nyumbani kumwambia mkewe kwamba mtoto anasalimia, ila ameibiwa simu.

Angefanyaje? Eufrazia alikwisha zika watoto wawili. Alipozika wa pili, presha ilimwangusha palepale makaburini, na daktari akamweleza Leonard waziwazi kwamba mshtuko mwingine kama ule hautamwacha hai. Leonard hakuwa tayari kubaki duniani peke yake. Alimpenda yule mwanamke, basi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Leonard ilibidi ifike mpaka Sauzi. Alimweleza kila kitu Yusuph, dereva ambaye lori lake huishia Tunduma, mpakani na Zambia, na huegesha Msamvu, pale Eufrazia anapouza mboga. Yusuph akakubali kusaidia. Sarafu ya kwanza, ngwee ya Zambia, aliitoa mfukoni mwake mwenyewe, akamkabidhi Eufrazia: "Mama, mwanao kakutumia hii kwa madereva wenzangu. Yuko salama."

Eufrazia aliibusu. Lakini kijana hawezi kukaa Zambia milele, ilibidi asonge mbele, na kwa Mwanaheri ndiko kulikokuwa na nchi nyingine. Leonard, asiyejua kusoma, akachagua sarafu moja ya Zaire kwa kuwa ilikuwa kubwa na inang'aa. Baadaye Mwanaheri alimcheka sana, akamwambia Zaire ilishabadili jina kabla hata huyo kijana wake hajazaliwa. Mzee alikosa usingizi. Bahati yake, Eufrazia, aliyesomeshwa na masista, alikuwa ameigeuzageuza tu, akasema ni nzuri, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Tangu siku hiyo alizidi kumhurumia mumewe. "Kula, baba Geofrey," alimwambia kila alipomwona ameduwaa mbele ya sahani. "Mtoto akirudi akukute na nguvu."

Sasa Leonard alijikokota kwenda Msamvu akiwa na neno moja tu la kumwambia Yusuph: leo usiseme kitu. Alichelewa. Yusuph alikwisha kaa kwenye benchi la Eufrazia, anamenya chungwa.

"Shikamoo, mzee. Nina salamu za Geofrey." Akamwekea Leonard kiganjani sarafu yenye pundamilia. "Yuko Botswana, kapata kazi. Anauliza kama kile kikohozi chako cha alfajiri kimepona. Na anasema usije ukamuuza yule mbuzi wake mwenye jicho jeupe."

Leonard aliifumba sarafu kiganjani. Maneno yale si yeye aliyemfundisha Yusuph. Na habari za mbuzi, nani barabarani angezijua?

Eufrazia hakuitazama sarafu. Alimtazama mumewe, akatabasamu.

"Unaona?" alisema. "Yupo."

Huenda yule kijana wa simu alikosea. Watu hufanana, na kwenye ajali nani humtambua nani? Kaburi lenyewe Leonard hakuliona. Furaha ilimpanda mpaka akaona haya kusimama mbele za watu, akamwomba Mungu amsamehe kwa kumkatia tamaa mtoto aliye hai. Angemwandalia chumba. Angepaka na chokaa.

Yusuph alipoinuka kwenda kwenye lori lake, Leonard alimfuata mbio, akamkamata mkono kabla hajafungua mlango.

"Umemwona kwa macho yako? Niambie, mwanangu. Amekonda?"

Yusuph aliangalia chini, kisha akaangalia nyuma kule kwenye genge la mboga, ambako Eufrazia alikuwa akiwapungia mkono.

"Nisamehe, mzee. Mama aliisoma ile ya Zaire, akajua. Sarafu hii kanipa mwenyewe asubuhi, na maneno kanifundisha yeye. Kaniapisha wewe usije ukajua kwamba Geofrey alikufa."